Msiogope kumtaja marehemu

Mmeuliza wiki hii, mtu akifiwa na mtu wake wa karibu faraja anaipata wapi. Mimi nilifiwa na mama, na walionishika mkono kweli ni wale walioendelea kumtaja wakati wengine wote wameshanyamaza.

Manake siku za msiba watu wanajaa, simu hazikatiki, kila mtu pole, pole sana, halafu wanatawanyika kila mmoja na mihangaiko yake na hapo ndo kilio chenyewe kinaanza. Na wengi wanaogopa hata kumtaja marehemu eti watakukumbusha, jamani nani kawaambia nimesahau? Rafiki yangu mmoja alikuwa ananipigia jioni, haulizi naendeleaje, anasema tu hebu nisimulie mama alikuwa anachekaje, basi naongea mpaka nalia na yeye hakati simu wala haniambii nyamaza, anasubiri. Huyo huyo ndo alikuja tukafungua kabati la mama, nikashika sweta lake bado lina harufu yake nikashindwa kuendelea, akalichukua akalikunja akalirudisha, akasema hili acha, si lazima leo. Sitamsahau kwa hilo.

Halafu zile hatua tano za huzuni mnazosikia, kukataa, hasira, kujadiliana (yaani kubembeleza mambo yawe vingine), sononeko, kukubali, daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe, kwa hiyo wewe uliyefiwa usijipime nazo ukadhani umekwama. Mimi hasira ilinijia mwishoni kabisa, nimeshaanza hadi kucheka na watu.

Ila kujikaza nako kuna mpaka. Shirika la Afya Duniani siku hizi linatambua majonzi yaliyopitiliza kuwa tatizo la kiafya, yaani yale yanayokubana zaidi ya miezi 6, kupita ilivyo kawaida kwa jamii yako, mpaka maisha hayaendi. Hapo muone daktari au mshauri nasaha. Na ukianza kutamani na wewe ufe usisubiri miezi yoyote, mwambie mtu leo leo.

Na nyie mnaofariji, "ukihitaji chochote niambie" mfiwa hana nguvu ya kuitumia, chagueni kitu mfanye, kaa na watoto wake alale kidogo, msindikize kufuatilia makaratasi, na ile tarehe ya kifo iweke kwenye simu yako ili mwaka ukitimia umpigie wewe.