Chumvi Niliyoipima na Chumvi Iliyokuwa Majini

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliniandikia akiuliza aweke chumvi kiasi gani ili aone inavyoudumaza mmea wa lemna, kile kimea kidogo kinachotanda juu ya madimbwi yaliyotulia. Swali lake lilinirudisha kwenye jaribio langu la kwanza la uzamili, lililokataliwa mbele ya jopo zima, na ninakiri kwamba hadi leo silikumbuki bila uchungu.

Nilikuwa nimepima kloridi ya sodiamu gramu 5.84 kwa lita, yaani milimoli 100 (milimoli ni kipimo cha wanakemia cha kiasi cha dutu), nikaiandika daftarini kwa fahari, kisha nikaviacha vyombo wazi karibu na dirisha katika joto la Dar es Salaam. Siku ya saba theluthi moja ya maji ilikuwa imekauka. Maji hukauka, chumvi hubaki. Kwa hiyo mimea yangu ilimalizia jaribio katika gramu 8.8 hivi kwa lita, nami natangaza 5.84. Mjumbe mmoja aliuliza swali moja tu: siku ya mwisho chumvi ilikuwa kiasi gani? Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimepima.

Tangu hapo nafunika vyombo kwa kifuniko kinachopitisha mwanga, naweka alama ya kina, najazia maji yaliyokenekwa, na kupima upitishaji wa umeme wa maji, unaopanda kadiri chumvi inavyozidi, mwanzoni, katikati na mwishoni. Nawe fanya hivyo, hata msimamizi wako asipokuagiza.

Nilirudia jaribio kwa kufuata mwongozo namba 221 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) wa kupima ukuaji wa lemna, unaotaka siku 7 na unaodai kwamba mimea isiyotiwa chumvi iongeze maradufu idadi ya majani yake ndani ya siku zisizofika 2.5. Majani 12 yasiyo na chumvi yalifika 96. Yale ya kwenye chumvi yalifika 24. Nusura niandike kwamba ukuaji umepungua kwa asilimia 75. Lakini lemna hukua kwa kujizidisha, na pengo la idadi hupanuka kila siku hata chumvi ikibaki ileile. Chukua logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) ya idadi ya mwisho, toa ile ya mwanzo, gawanya kwa siku: utapata 0.297 na 0.099 kwa siku. Kasi ilipungua kwa theluthi mbili, na hiyo ndiyo tarakimu niliyoitetea mbele ya jopo lilelile, likaipokea.

Usiishie kwenye kuhesabu, kwani jani lililonyauka na kuwa la manjano bado huhesabika kuwa jani. Kausha mimea kwa nyuzi 60 za Selsiasi hadi uzito usibadilike tena, ndipo upime.

Basi, mdogo wangu, usitafute kiasi kimoja cha chumvi. Anza na milimoli 12.5, kisha 25, 50, 100 na 200, vyombo vitatu kwa kila kiwango, pamoja na vingine visivyo na chumvi kabisa, na vyote viwe na virutubisho vilevile.