Re: Uingereza, kubeti mtandaoni na uhuru wa mtu

Mkuu, umeuliza kama GAMSTOP ya Uingereza, mfumo wa mtu kujifungia kubeti mtandaoni, ni serikali kumpangia mtu mzima maisha. Hapana, ile ni hiari. Unajisajili bure, unachagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na tangu Machi 2020 kila kampuni ya kubeti mtandaoni yenye leseni ya huko lazima ikufungie. Ukishathibitisha, hujitoi kabla ya muda, hata ulie. Muda ukiisha, kufuli halifunguki lenyewe mpaka uombe.

Inapovuja: mfumo unakutambua kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, barua pepe, simu na postikodi. Ukihama au ukibadili laini bila kuwapa taarifa, akaunti mpya inaweza kupenya. Maduka ya mtaani na tovuti zisizo na leseni hazimo kabisa, kwa hiyo washa pia kizuizi cha kamari kwenye programu ya benki.

Kinachogusa uhuru kweli ni marufuku ya kubeti kwa kadi za mkopo (Aprili 2020), na kikomo cha dau kwenye sloti za mtandaoni (michezo ya mashine za bahati) cha 2025: pauni 5 kwa mzunguko, pauni 2 kwa wenye miaka 18 hadi 24. Ya kadi naiunga mkono. Ya umri inanitatiza: wa miaka 24 anapiga kura na kukopa nyumba, ila pauni 3 za ziada haaminiki nazo.