Kazi nne mezani, mkono mmoja haupo

Juzi msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Dada fundi, nina kwilti nusu, foronya za kudarizi, zulia la gunia na gauni la mdogo wangu. Kila siku nagusa vyote, hakuna kinachoisha. Niache kipi?" Nikacheka, maana nilijiona mwenyewe. Kisha nikaacha kucheka, maana nilikumbuka Oktoba.

Oktoba ya mwaka jana nilikuwa na kazi nne kwa mpigo. Kwanza sare za harusi za akina mama 11: kitenge cha njano chenye maua ya buluu, magauni ya mikono mirefu. Pili, shuka la viraka, yaani kwilti, la bibi harusi wa harusi hiyohiyo, zawadi ya shangazi zake. Viraka 224, safu 16 za viraka 14, kila kiraka inchi 6. Ukishakula robo inchi kila upande kwenye mshono kinabaki inchi 5 na nusu, na shuka linafunika kitanda cha tano kwa sita likaning'inia kidogo pembeni. Tatu, zulia la vitambaa chakavu juu ya gunia la katani, la mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Nne, kofia ya mjomba, ya kudarizi kwa mkono, niliyomuahidi Idi ya mwaka juzi. (Usiniulize.)

Watu walinikumbusha mshika mbili. Niliwajibu kwamba aliyetunga methali ile hakuwa na kodi ya fremu ya kulipa. Hapa Tanga fundi anayengoja kumaliza moja ndipo apokee nyingine atakula nyuzi. Na niseme tu ukweli, nilikuwa najisikia. Kibanda kimejaa, wateja wamekaa hadi nje kwenye benchi, binti niliyekuwa namfundisha anapiga pasi, mimi nakata. Nilikuwa nakata kila kitu kwenye meza ileile.

Siku sita kabla ya harusi nikahesabu vipande vya mikono ya sare. Magauni 11, mikono 21.

Nikahesabu tena. Nikapekua chini ya cherehani, kwenye droo ya bobini, ndani ya mfuko wa sukari. Mkono wa kushoto wa gauni moja haupo, na kitenge kimekwisha. Nikamgeukia yule binti. Akasema, "Mimi sijaugusa, dada." Nami, mbele ya wateja watatu, nikamwambia: "Kila kikipotea kitu humu ndani, wewe upo." Hakujibu. Alivua futi shingoni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza ya cherehani, akaondoka. Mwaka mmoja na miezi minane alikuwa kwangu.

Nilizunguka maduka ya Ngamiani, barabara moja hadi nyingine, nikapata maua yaleyale lakini njano yake imekolea zaidi. Nikashona mikono yote miwili ya gauni lile kwa kitenge kipya, nikitumaini itaonekana mtindo. Mwenye gauni hakuona mtindo. Alinilipa nusu, na lile neno alilonitamkia mlangoni mwa ukumbi, watu wanaingia, mpaka leo nikilikumbuka nasikia masikio yanapata moto. Tuyaache.

Tayari nilikuwa nimeujua ukweli. Usiku wa kuamkia harusi nililitandaza shuka la viraka sakafuni nilipige bandi kabla ya kulishona na blanketi la ndani na kitambaa cha mgongo. Umeme umekatika, natumia tochi ya simu. Mwanga ukapita safu ya nne. Viraka sita vya njano yenye maua ya buluu vimekaa pamoja kama ndugu. Nikaenda kwenye kapu la mabaki, nikatia mkono hadi chini, nikakutana nacho: kichwa cha mkono, kile kipande cha juu kilichopinda kinachoingia begani. Nilikuwa nimeukata mkono wa mteja kwa mkasi wangu mwenyewe, nikautia kwenye kazi ya mteja mwingine.

Na unajua kilichonimaliza? Shangazi zake bibi harusi waliviona vile viraka wakapiga vigelegele. "Fundi kaweka kumbukumbu ya sare!" Shuka lile limeniletea oda tatu tangu hapo. Nikatabasamu nikapokea sifa.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Morogoro, sitakwambia uache hata kimoja. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa na kazi tatu maisha yake yote. Ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, aliusuka akitembea, akienda msibani, akipiga soga. Miyaa, majani yale ya kusukia, kwapani, vidole vinajiendea, na jioni anapima kwa mikono, pima ngapi leo. Kushona ukili uwe mkeka ilikuwa kazi ya kukaa, asubuhi, kuna mwanga. Kuchemsha miyaa na rangi ilikuwa kazi ya siku yenye kuni, na siku hiyo hagusi kingine. Mikeka yake iliisha. Kila kazi ilikuwa na saa yake na mahali pake pa kukaa, na hazikukutana hata siku moja. Mimi nilizikutanisha zote mezani.

Siku hizi kila kazi ina salfeti yake, imening'inia kwenye msumari wake, na jina la mwenyewe limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kinachotoka kwenye salfeti kinarudi kwenye salfeti ileile kabla kingine hakijashuka. Nyuma ya kila kipande kilichokatwa naandika kwa chaki: jina, kulia au kushoto. Mabaki ya mteja ni ya mteja mpaka nguo yake itoke, ndipo yaingie kapuni. Narudia kwa sababu najua hutafanya: kila kazi na salfeti yake.

Cherehani napiga mchana. Zulia ni la jioni, maana kuvuta vitambaa kwenye gunia kwa kulabu hakuhitaji macho makali wala akili nyingi. Kofia inakaa kwenye mkoba, naidarizi kwenye daladala na kwenye foleni za hospitali. Vitenge vya kwilti nafua vyote siku moja kwa maji baridi, kila kimoja beseni lake, kwani kitenge kipya kina wanga na kikikutana na chenzake huachia rangi. Basi. Sina siri nyingine.

Lakini niseme na jambo ambalo hamtapenda. Wengi wetu tunaanza kazi mpya kwa sababu ya zamani imefika pagumu. Kwilti haikukushinda, umefika kwenye kushona tabaka tatu kwa mkono na vidole vinauma, ndipo ukakumbuka ghafla kwamba unapenda kudarizi. Huo ni uvivu uliovaa nguo ya bidii. Jikague! Usilaumu wingi wa kazi, wala watoto, wala umeme. Tena usimlaumu msaidizi. Sisi wa Tanga tumesimuliwa kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1000 ya mkonge kutoka Florida ikafika 62 tu iliyo hai, na mashamba yote yaliyofuata yakatokana na hiyo. Hakukaa kulilia ile mingine. Nawe ukikuta zimebaki kazi mbili zinazopumua, shika hizo mbili.

Yule binti sasa ana cherehani yake, barabara ya pili kutoka kwangu. Nilikuwa nikipita upande wa pili wa njia nikijifanya naongea na simu. Jumanne nilivuka. Nilimpelekea zulia dogo la mlangoni, nikamwambia mkono ulikuwa kwenye shuka, niliukata mimi, na nililijua hilo tangu usiku ule. Miguu yake haikuacha kukanyaga. Alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno, akanionesha kona kwa kidevu.

"Weka pale, dada," akasema, akachukua gauni lingine.