Mizani ilivyonidanganya: kwa mnaoanza wodi ya watoto

Karibuni Kigoma. Kosa langu linaloniuma zaidi lilihusu mizani. Mtoto wa miaka minne, saratani ya damu, anasubiri rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Kila asubuhi uzito uko palepale, nami naandika "lishe nzuri". Dada mkuu wa wodi akaja, mizani hata hakuitazama. Akafunua shati: ini na bandama vimevimba, bandama imeshuka karibu na kitovu. Akazungusha utepe wa MUAC, ule wa kupima unene wa mkono wa juu, mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 11.2. Utepe ukaonyesha nyekundu. Kumbe uzito niliokuwa naufurahia ni wa bandama!

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Msisubiri afike Mwanza ndipo aanze chakula dawa, kile cha kutibu utapiamlo. Watafiti wa Malawi walionyesha kuwa vinkristini, dawa ya saratani, hukawia kutoka mwilini mwa watoto wenye utapiamlo, kwa hiyo sumu yake huwakaa. Tena maambukizi huwawahi, dozi zinaahirishwa, na saratani hapo katikati inapata nafasi.

Akirudi na mashavu yamejaa, msimpongeze mama haraka. Hizo ni dawa za steroidi alizopewa kwenye matibabu: uso unavimba, msuli unaliwa. Utepe tena.

Kuhusu kula, waulizeni mama zetu, wanajua kuliko sisi. Methotreksati, dawa nyingine ya saratani, ikimtoa vidonda mdomoni, ugali wa muhogo haupiti. Uji wa vuguvugu, kijiko cha mawese, dagaa wa Kibirizi waliotolewa vichwa, wakachemshwa na kusagwa laini. Ndimu wekeni mbali. Vinkristini hufunga choo, basi maji mengi na papai lililooshwa na kumenywa hapohapo.

Kingine ni asidi ya foliki, vitamini ya kuongeza damu. Mtoto akionekana mweupe, kituo fulani humpa tu, "damu imepungua". Lakini methotreksati inafanya kazi kwa kuipinga foliki hiyohiyo; mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kuwa watoto wa saratani ya damu walipata nafuu ya muda kwa dawa ya jamii hiyo. Kwa hiyo mama akija kliniki, mwombeni kwa adabu afungue mkoba wa dawa. Vile vidonge vya njano vya foliki huwa chini kabisa, vimefungwa kwenye kitambaa. Mkivikuta, mpigieni daktari wake kabla hajameza kingine.