Acha kujaza chupa hizo mpaka zikauke: yaliyonipata kwenye banda la kuku

Usijaze hata chupa moja zaidi. Umeeleza kwamba huko Makete wanunuzi wa makopo hawafiki, kwamba umeshakusanya viroba vinne vya chupa za maji, na unauliza kama uzichome, uzifukie, au uzijaze taka laini ujengee banda la kuku, na vizibo vya ziada uvifanyie nini. Nilipofika pale uliposema watoto wameshaanza kuzijaza tangu mvua zianze, niliweka kikombe cha chai chini, kwa sababu nami hapa Tukuyu nilianza hivyo hivyo.

Nilijaza chupa 700 za lita moja na nusu, nikajenga nazo ukuta wa banda la kuku. Kabla hujanicheka, kumbuka kwamba viroba vinne ni vyako.

Aliyenifundisha alikuwa mwezeshaji wa semina ya siku moja, mtu aliyekuja na viatu vyeupe katika mji ambao tope halikauki, akatuonyesha picha za kuta nzuri zilizojengwa sehemu kame, kisha akatuambia tusukumie ndani ya chupa taka laini yoyote, tushindilie kwa kijiti na kufunga kizibo. Neno "kausha" halikutoka kinywani mwake hata mara moja. Aliondoka na posho yake pamoja na mkungu wa ndizi tuliomzawadia sisi wenyewe, nasi tukabaki na vijiti.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, taka laini za nyumbani kwangu ni vifungashio tu: vya mkate, maziwa, biskuti na viungo, na karibu kila kimoja kinabaki na chakula kidogo ndani. Ukikifungia chakula hicho pamoja na unyevu ndani ya chupa isiyopitisha hewa, kinaoza, na kuoza huko huzalisha gesi. Baada ya miezi michache chupa kadhaa zilivimba, lipu ikapasuka, na vizibo vilivyokuwa vimelegea vikaanza kuvuja maji ambayo harufu yake sitaieleza, kwa kuwa huenda wengine wanasoma wakiwa mezani. Panya waliipata harufu hiyo kabla yangu. Mke wangu aliuita ukuta ule "mradi wa baba", na mpaka leo jina hilo halijafutika.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimezipima. Nilikuwa nimesikia kwamba chupa ya lita moja na nusu iliyoshindiliwa vizuri haipaswi kupungua gramu 500, nami nikazipeleka kwenye mizani ya dukani kwa fahari kubwa, zikafika. Tulipobomoa ukuta nikapasua chupa chache, nikaanika vilivyokuwamo na kuvipima upya, nikakuta gramu 300 na kidogo. Zilizobaki zote zilikuwa maji. Kumbe chupa yenye unyevu inadanganya mizani na inadanganya mkono pia, kwa maana unaiona nzito na ngumu, ilhali ndani mna nafasi tupu, na ikibebeshwa uzito wa ukuta inabonyea. Hapo sijahesabu mifuko saba ya saruji iliyomezwa na mianya kati ya chupa, maana kitu cha mviringo hakipangiki kama tofali. Kwa fedha ile ningenunua mabanzi ya Mafinga nikajenga banda la kuku, na la nguruwe juu yake.

Kuchoma usikufikirie: chupa huyeyuka na kudondoka ikiwa inawaka, na moshi wake mweusi utarudi jikoni kwako. Chupa nzima zilizo safi wapelekee wauza asali na watengenezaji wa sabuni ya maji.

Zile utakazoamua kujaza, rudi kwenye kukausha, na ukausho huo uhusu chupa yenyewe pamoja na kila kinachoingia ndani yake. Osha vifungashio kwa sabuni siku ile ile, vining'inize kwenye kamba chini ya paa, na chupa zisimamishe kichwa chini. Usijaribu kuziharakisha juu ya moto kama mahindi ya darini, kwa sababu plastiki ya chupa za maji huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 70 hadi 80, nami ninazo tatu zenye umbo la viazi kama ushahidi. Zikionekana kavu, zifunge vizibo jioni zikiwa bado tupu na uziache nje usiku, maana baridi ya Makete itakufanyia kazi bure. Asubuhi, kabla jua halijatoka, inua kila moja uitazame kwa ndani: yenye ukungu au vitone kwenye kuta zake ifunguliwe na irudi kusimama kichwa chini, hata kama ni mara ya nne.