Maswali yenu: Mtori saa moja asubuhi, kiporo, na chalii asiyekunywa chai

Jamani, toleo lililopita niliuliza kaswali kadogo tu, asubuhi kwenu mnakula nini na nani hapo nyumbani hataki, nikajua ntaletewa majibu ya mstari mmoja mmoja, kumbe nimefungulia bomba. Mmeandika! Wa Majengo wamo, wa Sakina wamo, na kuna mmoja wa Himo meseji yake ndefu kuliko mahubiri ya Kwaresma. Nyingine nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wakaniangalia, nyingine wala sio za kucheka. Nimechagua hizi, majina nimeyaweka pembeni kama mlivyoomba.

*Shikamoo anti. Mi mtu wa Tanga, nimeolewa Marangu. Kwetu asubuhi ni chai ya viungo na vitumbua, basi. Huku tukipanda kwa wakwe wikiendi, saa moja asubuhi mama anakuwekea bakuli la mtori limejaa, mafuta yanaelea juu, pande la nyama katikati, afu anakaa hapohapo anakuangalia unavyokula. Namheshimu sana ila saa hizo tumbo langu linagoma, naumeza mpaka machozi yananitoka. Mume wangu anasema nadeka. Nifanyeje? – Mkwe wa Marangu*

Marahaba mwanangu. Hudeki, na huyo mume mwambie nimesema. Mtu aliyekulia kwenye vitumbua huwezi kumpa ndizi na nyama ya mfupa alfajiri ukategemea ashangilie, kama ambavyo yeye ukimpeleka Tanga akapewa vitumbua viwili na chai atauliza sasa chakula kinakuja saa ngapi.

Ila na wewe elewa kilichoko kwenye hilo bakuli. Mtori sio kitu cha kugusa gusa tu, nyama ya mfupa inachemshwa taratibu mpaka iachie, ndizi za mishare zinamenywa moja moja na utomvu wake unakuganda vidoleni mweusi hata ukisugua na ndimu, afu inapondwa na mwiko mpaka kusiwe na bonge. Mpaka unawekewa mezani saa moja ujue mtu ameshika kisu saa kumi na moja, na huko mlimani baridi ya saa kumi na moja unaijua. Alafu mtori ndo chakula anachopewa mama aliyejifungua, arudishe nguvu. Yani kwa mkweo hilo bakuli ni kukubembeleza, anakaa kukuangalia kwa sababu anataka kuona umeshiba, sio kwamba anakukagua.

Kwa hiyo usimkatalie mezani. Hilo la kusema ni la mume wako na aliseme siku moja kabla, kwa simu, kwa lugha nyepesi tu, mama huyu asubuhi anaanzaga na chai, mtori wake mwekee saa nne. Saa nne ukiwekewa ule kweli, usije ukamuaibisha mwenzio. Na kama umefika ghafla bin vuu bakuli liko mbele yako, omba mwepesi kwenye kikombe, mtori unanyweka na wala sio kituko, wazee wengi wanaunywa hivyo hivyo.

Lingine ambalo mi ningefanya, siku moja moja ingia jikoni wewe. Loweka mchele usiku, beba nazi yako na iliki kutoka mjini, beba na chuma cha vitumbua maana huko huwezi kukikuta kila nyumba. Ila usitegemee unga uumuke kama wa Tanga, Marangu hamira inalala fofofo, sufuria lifunike liweke karibu na mafiga yenye jivu la moto. Wakishaonja utaona nani anadeka. Afu usije ukawazoesha kila wikiendi, utageuzwa mpishi wa ukoo.

*Niaje anti. Mi chalii wa Ngarenaro, napiga boda. Asubuhi sili, natoka saa kumi na moja na nusu na maji tu, njaa inakuja saa nne ndo nakula chapati maharage. Tangu mtoto niko hivyo. Wife kila siku kesi, eti ntapata vidonda vya tumbo, na mama mkwe kadakia. Nani yuko sawa?*

Poa tu kaka. Kwenye vidonda, wewe una nafuu kidogo, ila usikimbie kwenda kumwonyesha wife kabla hujamaliza kusoma.

Zamani hata madaktari walikuwa wanasema vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili na tumbo kukaa na asidi. Wakaja Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakasema hapana, kuna bakteria anakaa tumboni anaitwa Helicobacter pylori, yeye ndo chanzo cha vidonda vingi. Wenzao hawakuwaelewa, basi Marshall mwaka 1984 akachukua hao bakteria akawanywa mwenyewe, ndani ya siku chache tumbo likavimba kwa ndani na kutapika juu. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel wote wawili. Kwa hiyo kuchelewa kula mpaka saa nne peke yake sio kunakotoboa tumbo.

Sasa nakugeukia. Chanzo kingine kikubwa cha vidonda ni dawa za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, na nyie wa boda mgongo ukikaza mnameza hizo kama karanga, tena tumbo tupu, tena bila kuandikiwa. Kama na wewe ni mmoja wao basi wife ana haki ya kupiga kelele, japo kesi ameifungua kwa kifungu kingine. Na kama tumbo linawaka, linakuamsha usiku, au choo kinatoka cheusi, hapo usiniandikie mimi, nenda hospitali, huyo bakteria anapimwa kwa kinyesi au kwa pumzi na dawa zake zipo. Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge yeye habari ya kuruka mlo asijiamulie, aongee na daktari wake.

Lakini nikuulize, wife anaamka saa ngapi kukuchemshia hiyo chai usiyoinywa? Maana nyumba nyingi nilizoziona kesi sio tumbo lako, kesi ni kwamba mtu kaacha blanketi Julai ya Arusha, kawasha jiko, we unapita na helmeti mkononi unasema ahsante nimeshiba. Mwambie jana yake asiamke. Au akufungie viazi vitamu viwili, vya kuchemsha, vile vinaliwa hata ukiwa kijiweni unasubiri abiria. Mwenye njaa saa nne hasira zinakuwa karibu, na wewe unaendesha chombo cha watu.

*Anti za kwako. Mi wali wa jana naupenda kuliko wa leo. Wali kiporo na chai ya rangi yenye tangawizi, hapo nimemaliza. Mchumba wangu anasema ni chakula cha shida, nikiwa kwake natakiwa mkate na siagi. Afu rafiki yangu kaniambia wali kiporo ni sumu. Nimechanganyikiwa. – Dada wa Kijenge*

Mchumba muachie mkate wake. Kiporo kina watu wake na sisi watu wake tunajuana, kuna nyumba hapa mjini wali wa usiku unapikwa umezidi kwa makusudi, na anayekula ukoko bila kuuliza anasusiwa siku nzima. Kukipasha kwenye kikaango na kitunguu kidogo na mafuta ya jana ya nyama, punje zinaanza kuruka, pembeni chai inachemka, mi hapo mkate hauniambii kitu.

Huyo rafiki yako lakini sikiliza nusu. Kwenye mchele kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukibaki kwenye sufuria imefunikwa usiku kucha jikoni wanaamka wanazaliana na wanaacha sumu ambayo ukipasha haifi. Ndo unasikia mtu kala kiporo saa moja, saa nne anatapika, anasema amerogwa. Sasa fanya hivi, wali ukibaki usiache kwenye sufuria, utandaze kwenye sinia upoe haraka, usikae nje zaidi ya masaa mawili, weka kwenye friji, asubuhi pasha mpaka utoe moshi kila mahali, na ukishapasha mara moja usirudishe tena. Huna friji, pika wa kutosha tu. Na msiniambie baridi ya Arusha inatosha, friji inatakiwa nyuzi 5 kushuka chini, usiku wetu hata ule wa Julai kwa kawaida haufiki huko. Wali wa nazi uwe nao makini mara mbili.

*Anti, mi nimezaliwa Kibosho, mzee ana kahawa mpaka leo ila nyumbani tumekua na chai ya majani tu, kahawa hatujawahi kuiona kwenye kikombe. Nimeanza kazi mjini Moshi wenzangu wananywa asubuhi na mi nikaingia, sasa moyo unadunda na mikono inatetemeka. Hivi mtoto wa mkulima wa kahawa anaweza kuwa na aleji ya kahawa?*

Umenichekesha sana. Sio aleji, ni ugeni. Na wala hamkuwa peke yenu, nyumba ngapi za Kibosho, Machame, Kilema zina mibuni mpaka mlangoni na mezani kuna chai. Kahawa ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki pale Kilema mwaka 1898, na tangu wakulima waanze kujiunga, chama cha kwanza 1925 na KNCU yenyewe, ule ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, 1933, kahawa ilikuwa ni ada ya shule na bati la nyumba, inakobolewa, inaanikwa, inapelekwa chamani, inakwenda mnadani, meli, kwaheri. Kuinywa ingekuwa kunywa karo ya mtoto. Mi namwelewa mzee wako kabisa, ila inaniuma bado kwamba kahawa wanayoisifu Ulaya aliyeipalilia haijui ladha yake.

Sasa kutetemeka. Unakunywa tumbo tupu, kikombe kikubwa, nzito, si ndiyo? Kafeini inakukuta huna kitu. Kula kwanza, hata andazi moja, afu anza na kikombe kidogo kama vya wale wazee wa kahawa chungu na kashata. Angalia na ni kahawa gani, arabika ya huku mlimani ina kafeini karibu nusu ya robusta, na kahawa nyingi za kuyeyusha zina robusta ndani. Ukinywa saa kumi jioni usinilalamikie usingizi, inachukua kama saa tano nusu yake tu kutoka mwilini. Moyo ukiendelea kudunda hata siku ambayo hujanywa, hiyo sio kahawa, kapime.

Na nyie wajawazito mliouliza kuhusu chai, hapa hapa niwajibu, vile vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki msimeze na chai wala kahawa, inazuia madini ya chuma yasiingie. Meza na maji, au na juisi ya chungwa, chai ije saa moja au mbili baadaye.

*Anti, mume wangu kila asubuhi anapita kijiweni anakunywa supu ya kongoro na chapati mbili, anasema bila supu hawezi kazi. Nyumbani mimi na watoto watatu tunakunywa chai ya rangi na mihogo, siku nyingine kavu. Nikiuliza anasema supu ni ya mwanaume. – Mama wa Pasua*

Supu ya mwanaume imeandikwa wapi? Kongoro ni mguu wa ng'ombe, haujui jinsia ya anayeunywa. Wala sina shida na supu, ina ndimu ina pilipili, mtu anatoka jasho anaamka, sawa. Shida yangu ni hesabu. Chukua daftari, wiki moja tu, mwandikie supu ya kijiweni ya siku sita, afu pembeni andika bei ya kongoro zima buchani, unga wa ulezi na maziwa. Usiseme neno, mwekee aone. Kongoro moja ukilibandika usiku kwa moto mdogo asubuhi familia nzima inakunywa na yeye anabebewa ya kwenye chupa. Uji wa ulezi una chuma na kalsiamu, weka maziwa yaliyochemshwa au karanga zilizosagwa, mtoto anafika mapumziko bila kusinzia. Akigoma hata baada ya kuona daftari, basi tatizo halipo kwenye supu, mwite mshenga wenu akae naye.

*Anti, vijiko vitano vya sukari kwenye kikombe kimoja ni vingi? Naulizia rafiki.*

Rafiki yako mwambie kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 4, na najua hakisawazishi, anaweka mlima. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongeza kwa mtu mzima isizidi kama gramu 50 kwa siku, na ikishuka mpaka 25 ni bora zaidi. Kikombe kimoja cha saa moja tu na soda bado. Apunguze nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea, na mdalasini au mchaichai unasaidia kudanganya.

*Anti, kuchovya andazi kwenye chai mbele ya wageni ni ushamba?*

Ushamba ni kuliacha likakatikia humo ndani ukaanza kulivua na kijiko. Chovya, toa haraka.