Barua za Wafugaji wa Mbwa: Kupe, Kuhara Damu, Ukurutu na Taya Lililolegea

Katika barua za mwezi huu nimechagua nne, kwa kuwa katika kila moja mbwa alianza kutibiwa kabla hajatazamwa vizuri. Daktari wa mifugo hayupo karibu na kila nyumba, na mwenye mbwa ndiye anayekaa naye kutwa. Kwa hiyo nimeeleza kwa kirefu zaidi yale ambayo mfugaji anaweza kuyaona kwa macho yake.

Shikamoo Daktari. Mbwa wangu jike, German Shepherd wa miaka minne, ameacha kula tangu juma lililopita. Analala tu chini ya gari, na jana alitokwa na damu puani. Nimemtoa kupe wengi masikioni. Jirani alinishauri nimpe panadoli na diklofenaki, nami nikampa. Je, hii ni malaria? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Kwanza acha dawa hizo mbili leo hii. Diklofenaki huchubua tumbo na utumbo wa mbwa hadi ukavuja damu, na huumiza figo zake hata kwa kiasi ambacho mtu mzima hukimeza bila kudhurika. Panadoli ikizidi huharibu ini na chembe nyekundu za damu, zile zile ambazo huenda ugonjwa alio nao tayari unazipunguza. Ukifika kwa daktari, mweleze bila kuficha ulimpa nini, kiasi gani na saa ngapi, kwa maana kuna dawa za kutuliza maumivu ambazo hataweza kuzitumia juu ya diklofenaki.

Malaria siyo, wala mbu hahusiki. Kukosa hamu ya kula, kupe wengi na damu puani vinaelekeza kwenye magonjwa yanayoletwa na kupe, na katika nchi zetu mawili ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Ehrlikiosisi husababishwa na bakteria wanaoishi ndani ya chembe nyeupe za damu. Huvuruga uwezo wa damu kuganda, na ndiyo maana mbwa hutokwa na damu puani au huonekana na vidoa vyekundu kwenye ngozi ya tumbo. Babesiosisi husababishwa na vijidudu wanaopasua chembe nyekundu, na mara nyingi mkojo hugeuka kuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea. Mbwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili. German Shepherd huumwa ehrlikiosisi vibaya kuliko mbwa wengi: wakati wa vita vya Vietnam jeshi la Marekani lilipoteza mamia ya mbwa wake kwa ugonjwa huu, na wengi wao walikuwa wa aina hiyo. Kwa sababu hiyo sitaki usubiri.

Fanya hivi kabla ya kuondoka nyumbani. Mnyanyue mdomo wa juu pembeni utazame ufizi ulio juu ya jino la chonge. Kwa mbwa mzima huwa wa waridi na una unyevunyevu. Ukiubonyeza kwa kidole huwa mweupe, kisha rangi hurudi ndani ya sekunde mbili. Ikiwa ufizi una madoa meusi ya asili, vuta chini kope la jicho utazame ndani yake. Ufizi mweupe kama karatasi maana yake damu imepungua sana, na ule wa manjano ni dalili ya chembe nyekundu kuharibika au ini kuumia. Katika hali zote mbili mpeleke saa hiyo hiyo. Kisha mpime joto. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha: kipake mafuta kidogo, kiingize polepole kwenye njia ya haja kubwa, usimlazimishe, ukishikilie mpaka kilie. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Wengi hugusa pua na kusema mbwa ana homa kwa kuwa pua ni kavu, lakini pua haipimi chochote.

Daktari atapima damu, kisha ataamua. Kwa ehrlikiosisi hutumika doksisaiklini kwa siku 28, na hapa ndipo wengi wanapoteleza: mbwa huanza kula baada ya siku mbili tatu, mwenye mbwa akaona amepona, vidonge vikaachwa kabatini, na ugonjwa ukajificha mwilini miezi au hata miaka kabla ya kurudi ukiwa mgumu zaidi kutibika. Babesiosisi haitibiwi kwa doksisaiklini peke yake, bali kwa sindano mahususi. Ikiwa unaishi karibu na msitu au mbuga yenye mbung'o, na ukaona macho ya mbwa yameingia ukungu au uso umevimba, mtajie daktari hilo pia, kwa maana mbwa huugua nagana kama ng'ombe.

Baada ya hapo kuna kazi ya banda. Kupe wa kahawia wa mbwa ameizoea nyumba kuliko pori. Jike akishiba huanguka, hupanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa, na kupe aliyekomaa anaweza kukaa miezi bila kula huku akimngoja mbwa. Ukimwogesha mbwa bila kuziba nyufa, kuchoma matandiko makuukuu na kupulizia dawa bandani, utaendelea kumtoa kupe masikioni mwaka mzima.

Daktari, tulinunua watoto wawili wa mbwa wa wiki tisa. Baada ya siku tano walianza kutapika, kisha kuhara damu yenye harufu kali mno. Tuliwapa maziwa na mayai mabichi, lakini walikufa wote wawili. Aliyetuuzia alisema walikuwa wamechanjwa. Watoto wangu wanalilia mbwa mwingine. Tunaweza kumleta lini? – Mama wa watatu, Nakuru

Pole sana, mama, wewe na watoto. Ulivyoeleza vinafanana mno na parvo, kirusi kinachoharibu ukuta wa utumbo na kushusha kinga kwa wakati mmoja. Mtoto wa mbwa hufa kwa kukaukiwa maji na kwa bakteria wa utumboni wanaopenya hadi kwenye damu. Hakuna dawa ya kukiua kirusi chenyewe. Kinachookoa ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki na uangalizi wa karibu kwa siku kadhaa, na aliyeanza kupata huduma hiyo mapema mara nyingi hupona. Maziwa na mayai hayakuwaua, ila hayangeweza kuwasaidia, kwa kuwa utumbo ulioharibika haufyonzi chochote.

Kuhusu chanjo, aliyekuuzia huenda hakudanganya. Mtoto wa mbwa huzaliwa na kinga anayoinyonya kwa mama yake, na kinga hiyo ikiwa bado ipo huizuia chanjo isifanye kazi. Ndiyo sababu sindano moja haitoshi: huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha tena baada ya mwaka. Aidha, chanjo hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ile iliyobebwa mfukoni toka duka la dawa za mifugo mpaka nyumbani juani inaweza kuwa imekufa kabla ya kudungwa. Dai kadi ya chanjo yenye tarehe, lebo ya chupa na saini ya daktari.

Nyumba yako sasa ina kirusi, na katika udongo wenye kivuli kinaweza kuishi mwaka mzima au zaidi. Sabuni haikiui, wala dawa nyingi za kudekia. Jiki hukiua: sugua kwanza uchafu wote, kisha changanya kipimo kimoja cha jiki katika vipimo 30 vya maji, lowesha sakafu na vyombo, na uache dakika 10 kabla ya kusuuza. Vitambaa na matandiko yachome. Ua wa udongo hausafishiki kwa jiki, kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba msilete kichanga kwa mwaka huu. Chukueni mbwa aliyevuka miezi 4 na aliyemaliza chanjo zote, tena wiki mbili kamili ziwe zimepita tangu ya mwisho. Watoto wataelewa wakielezwa sababu.

Mbwa wangu amepata ukurutu, manyoya yamekatika kwenye viwiko na pembe za masikio, anajikuna usiku kucha. Fundi gereji amenipa oili chafu nimpake. Je, nichanganye na dawa ya josho? – Msomaji, Mombasa

La, usimpake oili chafu wala mchanganyiko huo. Oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya metali na kemikali. Mbwa huilamba, na nyingine hupita kwenye ngozi iliyochubuka. Nimepokea mbwa aliyepakwa mwili mzima, ngozi imeungua mapajani na kwapani, anatapika na kutetemeka, na utitiri bado wamo hai chini ya magamba. Dawa ya josho nayo imepimwa kwa ajili ya ng'ombe. Ikikolea humlegeza mbwa, ikashusha joto na mapigo ya moyo.

Kukuna usiku pamoja na mahali ulipopataja hunielekeza kwenye skabisi, yaani ukurutu unaoletwa na utitiri, ambao mtu pia hupata vipele vyake akimkumbatia mbwa. Upo ukurutu mwingine wa mbwa wachanga, ambao hauwashi sana wala hauambukizi, na matibabu yake ni marefu zaidi. Daktari hukwangua ngozi kidogo na kutazama kwa hadubini. Siku hizi vipo vidonge vya kutafuna vinavyoua kupe, viroboto na utitiri kwa pamoja. Si vya bei rahisi, na mbwa mwenye kifafa asipewe bila daktari kujua. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe usiidunge mwenyewe, kwani kwa mbwa wa aina ya koli na jamaa zake huweza kuua.

Dume wetu wa kienyeji, hajawahi kuchanjwa, amelegea taya tangu juzi. Udenda unamtoka, hali wala hanywi, na sauti imekuwa ya kukwaruza. Baba mkwe alimfungua kinywa akatafuta mfupa koromeoni, hakuuona. Tumpe dawa gani? – Msomaji, Bukoba

Barua hii niliijibu kwa simu siku ile ile ilipofika. Naichapisha kwa kuwa kosa hili hufanywa na watu wema wanaomhurumia mnyama wao.

Msimpe chochote, na asiguswe tena na mtu yeyote. Kichaa cha mbwa hakiji kwa ukali peke yake. Kipo cha kupooza, ambacho mbwa hutulia, taya huanguka, koo hushindwa kumeza, na kila anayemwona hudhani amekwamwa na mfupa. Udenda huo ndio wenye kirusi. Baba mkwe aoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama siku zimepita na hata kama mkwaruzo hauonekani, kisha aende hospitali leo na aseme wazi kwamba ametia mkono kinywani mwa mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa. Akianza chanjo kabla ya dalili ana nafasi kubwa ya kuwa salama; dalili zikishaanza, tiba hakuna. Asingoje majibu ya kipimo cha mbwa. Yeyote mwingine aliyelambwa penye kidonda au aliyeng'atwa siku za karibuni afuatane naye.

Mbwa afungiwe mahali ambapo watoto, kuku na mbuzi hawafiki, na afisa mifugo aitwe. Msimpige wala kumponda kichwa, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa, na akifa, mzoga usiguswe mpaka afisa afike. Mbwa wengine wa nyumbani waandikwe wote katika taarifa hiyo, watengwe na wachunguzwe na afisa. Walio wachanga huchanjwa kuanzia miezi 3, na kila mwaka kampeni za chanjo hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ulizeni ofisi ya kata yenu mapema ili msipitwe.